Rangi ya Chumba Kidogo

11 Februari

Mjukuu wangu mpenzi,

Kwa heshima na mapenzi nakusalimu, nikitumaini kwamba waraka huu utakukuta ukiwa mzima wa mwili na mtulivu wa moyo. Mimi pia ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi hujipangia ratiba yake bila kunishirikisha.

Kabla sijaendelea, naomba radhi. Barua yako ilinifikia zamani, na tangu hapo imekaa juu ya meza ikinitazama kama mgeni ambaye hajapewa kiti. Kila asubuhi nilikusudia kuijibu, na kila asubuhi nilijipatia udhuru. Sina utetezi wowote.

Fundi cherehani, jirani yangu wa mlango wa pili, anakusalimu. Bado anashona karibu na dirisha lake na bado anaimba nyimbo ambazo sauti yake haiziwezi. Mama mwenye nyumba naye hajambo. Amebadilisha bomba la uani, na sasa maji yanatoka kwa hasira.

Nimefurahi mno kusikia kwamba umepata nyumba yako mwenyewe huko mjini: ghorofa ya tatu, sebule, jiko, bafu, ujia, na vyumba viwili vya kulala, kimoja kikubwa na kimoja kidogo. Pokea pongezi zangu, na umfikishie pongezi hizo mchumba wako, bwana mpima ardhi, ambaye salamu zake nilizikuta katika barua yako nami nazirudisha kwa heshima.

Unaniuliza kuhusu rangi za kuta. Umenipa hadhi kubwa kuliko ninavyostahili. Ni kweli kwamba katika kiwanda cha uchapaji cha misheni nilijalidi vitabu mpaka nilipostaafu, na kwamba kitambaa cha jalada hakikukatwa kabla sijakikubali. Lakini wewe unatengeneza meno ya bandia, na kila siku unalinganisha jino jipya na yale yaliyosalia kinywani mwa mtu hadi mwenyewe asitambue lipi ni lipi. Mwenye jicho la namna hiyo anamwuliza mzee wa nini? Hata hivyo, kwa kuwa umeuliza, sitakuwa na kiburi cha kukataa. Nitumie vipande vya karatasi ngumu ulivyovipaka rangi unazozifikiria, uviandike nambari kwa nyuma, nami nitakujibu chumba kwa chumba.

Kuhusu yale mengine uliyoyaandika mwishoni, naomba uniruhusu nisiyaguse leo.

Waraka huu ataubeba dereva wa gari la vifurushi, mtu mwaminifu ingawa ana haraka.

Ni mimi, babu yako.


27 Februari

Babu, mume wangu wa kwanza, Mzee wa Gundi, shikamoo.

Barua imefika. Dereva aliitupa mlangoni kama gazeti akaondoka bila hata kunywa maji. Usiniombe radhi kwa kuchelewa, maana na mimi nikianza kuomba zangu hatutafika kwenye rangi.

Mimi sijambo. Kazini kelele tele. Juzi mama mmoja alirudisha meno akasema yanamfanya acheke kama wifi yake. Bosi akamwuliza, "Kwani wifi yako ana meno mabaya?" Akajibu, "Mazuri! Ndiyo maana simpendi." Tumemtengenezea mengine, mabaya kidogo, akaondoka anacheka.

Nyumbani kimya.

Haya, kadi hizo hapo, sita, nambari nyuma. Nimezipaka mwenyewe, kila moja mara mbili, zikakauka dirishani. Sebule, jiko, bafu, ujia, chumba changu, chumba kidogo. Chagua.

Sasa, yale "mengine" uliyoyaruka ndiyo niliyokuandikia barua. Nayarudia ili dereva asije akasingiziwa kwamba aliyaangusha njiani. Tangu bibi afariki unaishi peke yako. Chumba kidogo ni chako, Babu. Njoo ukae na mimi. Kina dirisha linalopata jua la asubuhi, bafu liko hatua chache tu, na nimepima, meza yako ya kujalidia inaingia pamoja na kitanda, ila itabidi upite kwa ubavu. Huna haja ya kuniandikia ndiyo ndefu yenye aya. Niambie tu rangi ya chumba kidogo. Ukitaja rangi, nitajua unakuja.

Mjukuu wako mkaidi.


2 Aprili

Mjukuu wangu mpenzi,

Marahaba, na amani iwe kwako. Naona aibu kuandika tarehe iliyo hapo juu. Nilitaka kukujibu juma lilelile, kisha mvua zikaanza, kisha fundi akaugua homa nikawa nampelekea uji, kisha nikakosa sababu yoyote na bado sikuandika. Unisamehe.

Kadi zako zimenifikia salama. Nilizipanga juu ya meza kama tulivyokuwa tukipanga vitambaa mbele ya msimamizi, na nimezitafakari kwa muda usio mfupi. Maoni yangu ni haya. Sebule ipate nambari tatu, ambayo naiona karibu sawa na kitambaa cha kijani tulichovalisha vitabu vya kilimo. Ni rangi ya subira, na haionyeshi alama za vidole. Jiko lipate nambari mbili. Chumba chako nambari tano. Bafu nakuachia mwenyewe, kwa kuwa si adabu mzee kulisemea. Ujia, ambao umesema hauna dirisha, upake nambari moja au nambari nne, upendavyo, maana hizo mbili ni rangi moja. Nadhani ulichovya brashi mara mbili katika kopo lilelile. Usijilaumu, hata mafundi wakubwa huteleza. Nambari sita, ile nyeusi, sikuelewa umeikusudia nini. Labda ni ya mlango.

Sasa nije kwenye chumba kidogo, kwa kuwa umenibana nami sina pa kutokea. Nakushukuru kutoka moyoni. Lakini nyumba ya watu wanaokaribia kuoana haihitaji mzee anayekohoa nyuma ya ukuta. Najua una huruma, na huruma ni jambo jema. Ila sipendi kuwa mzigo ambao mtu aliubeba kwa sababu alilelewa vizuri.

Aidha, hapa nina ukuta wangu. Nadhani unaukumbuka: ule wa upande wa kitanda, wa manjano, ambao bibi yako aliuchagua mwenyewe na kuupaka mwenyewe, akiwa amejifunga kitambaa kichwani na kunikataza nisimpe ushauri wa kitaalamu. Mama mwenye nyumba, Mungu ambariki, ameniachia ukuta huo kama ulivyo. Nikiamka ndio ninaouona kwanza. Nikiondoka, sijui ni nani atakayeutazama.

Basi chumba kidogo kiwe stoo.

Waraka huu anauleta mwalimu wa kwaya, anayekuja huko kutafuta kinanda. Ukimpa nafasi atakueleza habari za kinanda hicho mpaka usinzie.

Ni mimi, babu yako.


19 Aprili

Babu yangu, shikamoo.

Usishangae kuona karatasi nne kwa maneno machache. Kalamu niliyoipata ni nene.

Mwalimu wa kwaya alikuja. Nilisinzia.

Ujia nimeupaka nambari moja. Sebule ni kijani na wewe ulisema kweli, inatuliza. Nambari sita nimeiweka kando.

Fundi amepona? Mpe pole yangu. Mwambie asiimbe mpaka koo litulie, na hata likitulia asiimbe.

Kuna daktari wa macho anayeshirikiana na kliniki yetu. Mwezi wa sita atakuwa hospitali ya huko kwenu kwa wiki moja. Nimemwomba akufikishie salamu zangu yeye mwenyewe. Usizikatae, Babu, nakuomba. Anazitoa kwa tochi, karibu sana na uso, na inabidi mtu atulie mpaka zimalizike.

Kuhusu stoo: sina vitu vya kuweka stoo.

Mjukuu wako.


24 Juni

Mjukuu wangu mpenzi,

Salamu nyingi, na radhi nyingi zaidi. Mistari hii ikipanda au ikishuka, uichukulie kama mwendo wa mwandishi wake.

Fundi amepona na anaimba. Mama mwenye nyumba amefiwa na paka wake wa kijivu, na kwa siku kadhaa hatukusikia akimgombeza mtu yeyote, hata tukaingiwa na wasiwasi.

Barua yako, yenye herufi kubwa kama za bango la duka, niliisoma peke yangu tangu mwanzo hadi mwisho. Zile za awali nilisomewa na fundi, jambo ambalo sikukueleza. Kwa kuwa wewe umeistahi hali yangu kiasi cha kuilaumu kalamu, nami sitasema zaidi juu ya kalamu.

Daktari alifika. Alinisalimu kwa tochi kama ulivyonitahadharisha. Kisha akaniuliza, "Mzee, mtoto wa jicho huyu umemlea tangu lini?" Nikamjibu kwamba sikujua kama nina mtoto mwingine. Akasema, "Wako wawili, mapacha, na wote wamekomaa." Alinieleza kwamba mtu mwenye hali hii huona kila kitu kama kupitia chai: cheupe huwa kama malai ya maziwa, na bluu iliyokolea huwa nyeusi. Nilizikumbuka kadi zako na nikatamani ardhi ipasuke. Mtu aliyekataa majora mazima ya kitambaa kwa tofauti isiyozidi unywele amemwambia mjukuu wake kwamba amechovya kopo moja mara mbili. Nawe ulinyamaza.

Ameniandikia kupasuliwa jicho la kulia mwezi ujao. Nimekubali, hasa kwa sababu sikupata namna ya kukataa kwa adabu. Sikufichi kwamba naogopa.

Niruhusu jambo moja dogo. Katika barua zako mbili hizi sikuziona salamu za bwana mpima ardhi. Huenda zilisahaulika. Siulizi. Nakueleza tu kwamba nilizitafuta.

Waraka huu anaupeleka muuguzi wa zamu, ambaye dada yake anaishi mtaa wa pili kutoka kwako.

Ni mimi, babu yako.


8 Julai

Babu, shikamoo.

Kwanza, usiogope. Nimezungumza na daktari. Anasema jicho lako ni gumu kama mwenyewe lakini litakubali.

Salamu hazikusahaulika. Aliondoka kabla sijapewa funguo za nyumba. Hakunitukana, hakunidanganya, alisema tu amefikiri upya, akachukua viatu vyake na pasi yake ya nguo. Salamu za barua ya kwanza nilizitunga mimi. Sikutaka unihurumie kabla hujanichagulia rangi.

Nyumba yote imepakwa isipokuwa chumba kidogo. Kina plasta tupu na kopo la rangi nililokuwa napandia nikipaka. Jioni nachelewa kutoka kazini makusudi, nasafisha meza za wenzangu, wanadhani nataka cheo. Nikifika nawasha redio ya jikoni na ya sebuleni, kila moja kituo chake, ili kuwe na watu wanaoongea. Wiki iliyopita moja ilikuwa inahubiri na nyingine inatangaza mpira, na nikajikuta nawaambia, "Jamani, mmoja mmoja." Nikakaa chini pale kwenye ujia nikacheka peke yangu, halafu sikucheka tena.

Unasema hutaki kuwa mzigo. Mimi sikuiti kwa huruma, Babu. Ninayeomba ni mimi. Lakini siwezi kushindana na ukuta wa bibi, na wala sitaki kuushinda. Sitauliza tena.

Pona.

Mjukuu wako.


21 Agosti

Mjukuu wangu mpenzi, mke wangu mdogo,

Nakusalimu kwa jicho moja jipya na moja la zamani. Naomba radhi kwa kimya changu tangu upasuaji. Najua daktari amekupa habari za jicho. Habari za mwenye jicho nilitaka kukupa mwenyewe, na ilinibidi kwanza nizielewe.

Bendeji ilitolewa asubuhi. Kitu cha kwanza nilichokiona sawasawa ni mkono wa muuguzi, na cha pili ni mkono wangu, ambao ni wa mtu mzee sana, sikuwa nimearifiwa. Kisha fundi akaja kunichukua. Alikuwa amevaa shati la bluu. Nilisimama nikalitazama mpaka akauliza kama lina doa. Nilikuwa nimesahau kwamba bluu ipo. Nilidhani watu wameacha kuivaa.

Tulifika nyumbani mchana. Fundi akafungua mlango, nikaingia chumbani, nikaangalia ukuta.

Ulikuwa mweupe.

Nilifumba jicho jipya nikafungua la zamani: ukawa wa manjano. Nikabadilisha: mweupe. Nilifanya hivyo mara kadhaa, kama mtoto anayechezea swichi. Halafu nikamwita fundi, ambaye kwa ghafla alikuwa amepata kazi ya kufanya mlangoni.

"Fundi," nikamwambia, "ukuta huu una rangi gani?"

"Wewe unauonaje, mzee wangu?"

"Nimekuuliza wewe."

"Mzee, si ukae kwanza? Umetoka hospitali, ninywe... nikupe chai kwanza."

"Fundi. Rangi gani?"

Akavua kofia. "Mweupe, baba. Ni mweupe tangu msiba."

Basi nikaelezwa. Tulipokwenda kumzika bibi yako, mama mwenye nyumba alimleta mpaka rangi akampakisha chumba chote rangi nyeupe, ili nirudi mahali pasafi, nisije nikakaa na majonzi ukutani. Alifanya kwa wema. Mimi niliporudi nilisikia harufu ya rangi, nikadhani ni ya kwa jirani. Nikasimama katikati ya chumba, mbele yake na ya fundi, nikasema, "Nawashukuru sana kwa kuuacha ukuta wake." Mama mwenye nyumba alianza kulia, nami nikamfariji nikidhani anamlilia marehemu. Nani angepata mdomo wa kuniambia baada ya hapo? Kila mgeni aliyeingia nilimwonyesha manjano yangu, na kila mgeni akasema, "Naam, mzee, inapendeza." Mchungaji alisema hivyo. Mwalimu wa kwaya alisema hivyo, tena akaongeza kwamba inafanana na machweo.

Sikuwakasirikia. Nilimwambia fundi alale salama, ingawa jua lilikuwa bado juu, nikajifungia ndani. Nilikaa kitandani nikiutazama ukuta ambao haukuwa wa mtu yeyote. Sijawahi kuwa peke yangu namna ile, hata siku ya maziko. Siku ile angalau nilijua kilichoondoka.

Kesho yake fundi alirudi na bisibisi. Alisema mpaka rangi mvivu hapaki nyuma ya swichi. Akafungua kifuniko, na kweli, palikuwa na ukanda wa manjano unaotosha kidole. Niliusogelea. Mjukuu wangu, sijui nikwambieje. Ilikuwa rangi mbaya. Ilikuwa kali, yenye ukijani ndani yake, kama haradali iliyoachwa wazi. Bibi yako alikuwa na sifa nyingi, lakini angeleta kiwandani kitambaa cha rangi ile ningekirudisha bila kukikunjua. Nilimwambia fundi hivyo. Akasema, "Afadhali umesema wewe, mzee. Mimi nilikuwa naogopa." Tukacheka mpaka mama mwenye nyumba akaja kuuliza kuna nini, na alipoona swichi iko wazi akaketi sakafuni pale pale, nasi tukambembeleza.

Nimemwomba fundi arudishe kifuniko. Sikuchukua hata chembe. Aliyeipaka rangi ile simkumbuki kwa rangi. Namkumbuka akinikataza nisiseme neno, na hilo halikuwa ukutani.

Kisha nikazitoa kadi zako kwenye bahasha na kuzipanga mezani upya. Nambari moja na nambari nne si rangi moja hata kidogo. Naomba radhi rasmi. Nambari sita si nyeusi. Ni bluu iliyokolea, nzuri mno, na wewe uliichanganya kwa mkono wenye subira. Hapa ukingoni naona ulipaka mara ya tatu.

Chumba kidogo: nambari sita kwa ukuta unaotazamana na dirisha, na nambari nne kwa kuta nyingine tatu. Sikuichagua ili kukupendeza, wala kwa kumbukumbu ya mtu. Nimeitaka mimi. Ni muda mrefu sijaandika sentensi ya namna hiyo, na nimeisoma mara mbili kuona kama haina utovu wa adabu.

Umesema kwamba nikitaja rangi utajua. Lakini tumeshaachiana mambo mengi ya kukisia mwaka huu, kwa hiyo nitaliandika: nakuja. Daktari amenizuia kusafiri mpaka mwisho wa mwezi ujao. Redio moja unaweza kuizima mapema.

Waraka huu anauleta fundi cherehani, anayekuja huko kununua vitambaa. Mpe chai, umwonyeshe chumba, umruhusu afungue dirisha na ajilaze kidogo pale kitanda kitakapokaa, aone jua linaangukia wapi. Mwombe jambo moja tu: akirudi na nikimwuliza kiko vipi, aniambie kweli.

Ni mimi, babu yako.